Kisumu kwa siku moja: kipi kitangulie, kipi kifuate

Mgeni anayekuja Kisumu kuona utamaduni mara nyingi ana siku moja tu. Ameshuka na ndege ya jioni au amelala kwenye basi kutoka Mombasa, na kesho yake anaendelea Kampala au anarudi Nairobi. Aliyempokea, awe shemeji yake, mwenyeji wake wa chuo au mtembeza wageni mwenye leseni, ndiye anayepaswa kuipanga siku hiyo isiishie kwenye picha za samaki na jua linalozama. Haya yameandikwa kwa ajili ya huyo mwenyeji.

Vitu vya kuonyesha Kisumu havikosekani. Kinachoharibu siku ni mpangilio. Wengi humkimbiza mgeni Kit Mikayi, yale mawe ya ibada yaliyo Seme, kwanza kwa sababu ndiko mbali, kisha wakirudi wanapitia makumbusho jioni ikiwa muda upo. Mgeni anapanda mawe, anasikia hadithi ya mzee na mke wake wa kwanza, anatabasamu, basi. Hadithi haimshiki kwa sababu hajaona boma la Mjaluo. Hajui mke wa kwanza anakaa upande gani wa boma wala kwa nini nafasi yake haichezewi. Mpeleke kwanza Ber-gi-dala, boma zima lililojengwa ndani ya uwanja wa Makumbusho ya Kisumu, halafu ndipo umpeleke Seme kwenye mawe. Ukigeuza mpango huo, utajikuta unaeleza kila kitu mara mbili na bado hakieleweki.

Jambo la pili linaloamua ratiba ni ziwa lenyewe. Alfajiri maji yametulia. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, na upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani kuja mjini. Kufikia alasiri mawimbi yanakuwa makubwa kwa mashua ndogo. Upepo huohuo hubeba unyevu hadi kwenye ukingo wa milima ya Nandi, mawingu yanajikusanya, na ngurumo za jioni zinazojulikana na kila mkazi wa Kisumu zinaanza. Kwa hiyo mashua ni ya alfajiri, mawe ni ya kabla ya saa 7 mchana, na mitaa ya mji ambako kuna vibaraza vya kujikinga ni ya alasiri. Mpango huu unafaa mwaka mzima, ila Machi hadi Mei uwe mkali zaidi na saa zako.

Dunga kabla ya chai

Jua la Kisumu huchomoza karibu saa 12:40 asubuhi, na tofauti ya mwaka mzima ni kama robo saa mbele au nyuma. Toka mjini saa 12 kamili. Ufuo wa Dunga uko kilomita chache kusini mwa mji, na tuktuk inafika bila shida. Mashua ipangwe jana yake, tena kupitia ofisi ya BMU, ile kamati inayosimamia ufuo, si kwa kijana wa kwanza atakayekushika mkono pale getini. Kubaliana mambo matatu kabla ya kulala: bei ni ya mashua nzima au ya kila kichwa, safari ni ya muda gani, na kila abiria ana jaketi la kujiokoa linalofungika. Jaketi lijaribiwe nchi kavu. Mikanda iliyokatika haionekani mpaka uivute.

Saa moja majini inatosha. Mweleze mgeni anachokiona. Mashua zinazorudi na taa zilikuwa zikivua omena, yaani dagaa, usiku kucha. Taa huwavuta omena juu, ndiyo maana wavuvi hao hupenda usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu kazi hupungua sana. Mgeni akifika siku za mbalamwezi usimwahidi mashua hizo. Halafu kuna marufuku ya kila mwaka ya kuvua omena, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, ili wapate kuzaana. Katika miezi hiyo ufuo una sura nyingine kabisa: nyavu zimeanikwa, watu wanashona na kupaka rangi, na sehemu za kuanikia omena ni tupu. Si siku mbaya ya kutembelea, ila useme mapema.

Samaki waliolazwa kwenye mizani waonyeshe kwa majina: ngege (sato), mumi (kambare), kamongo, mbuta (sangara). Hapo kuna historia ambayo haifai kurukwa. Mbuta si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950, akala fulu, wale samaki wadogo wa aina nyingi mno waliokuwa chakula cha kila nyumba, hadi aina nyingi zikatoweka. Mbuta ndiye aliyeleta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, na ndiye aliyebadilisha mlo wa watu wa ufuoni. Mgeni akilijua hilo, ataielewa sahani yake ya mchana.

Gugu maji ndilo linaloweza kuzuia safari. Linaelea na kufuata upepo, kwa hiyo ghuba iliyokuwa wazi jana inaweza kufungwa leo. Mpigie nahodha simu saa 11:30 alfajiri umuulize. Akisema limejaa, acha mashua, mtembee na kiongozi wa hapo kando ya mafunjo, maana kinamasi cha Dunga ni makao ya ndege ambao hawaishi popote ila kwenye mafunjo, na kina mama na vijana wanaosuka mikeka na vikapu kwa mafunjo hayohayo wako karibu. Miguu isiingie majini, kichocho kipo. Na mashua isijipenyeze kwenye vijia vya ndani ya mafunjo kutafuta viboko. Nahodha mzuri hukataa hata akiongezewa pesa, na akikataa usimshawishi.

Salamu kabla ya kamera. Oyawore asubuhi, oimore jioni, na ero kamano ukipewa chochote. Mzee huitwa mzee, mama huitwa mama, au mama fulani kwa jina la mtoto wake ukilijua. Mgeni aliyesalimia huachwa apige picha bila mtu kununa.

Kunyweni chai na mandazi hapohapo au mjini, na saa 2:15 muwe njiani.

Boma, ndani ya makumbusho

Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa kwa umma mwaka 1980. Yako kwenye barabara ya kwenda Ahero na Nairobi, na milango hufunguliwa saa 2:30. Fika wakati huo. Muhula wa shule ukikaribia kwisha, mabasi ya wanafunzi huanza kumiminika mapema, na watoto mia mbili ndani ya boma moja hawakuachii nafasi ya kueleza neno. Malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwenye simu, kwa hiyo simu yako iwe na chaji na salio. Mgeni wa nje asiye na laini ya Kenya atakutegemea wewe.

Ukumbi wa ndani upe nusu saa. Kuna vyombo vya Waluo, Waluhya, Wakisii, Wakuria na Wakalenjin vimewekwa pamoja, na hilo lina faida: mgeni anaona kwamba magharibi mwa Kenya si kabila moja. Kuna simba aliyekaushwa akimwangusha nyumbu, ambaye watoto hawambanduki, na mbuta wa kilo 190. Nyoka, mamba na kobe wabaki mwisho, na wakikosa muda wasilaumiwe. Ukianza na nyoka, nusu ya kundi haitatoka hapo.

Sasa boma. Ber-gi-dala ni boma la mwanamume mwenye wake watatu, limejengwa kwa ukubwa wake halisi, nawe unaweza kuingia ndani ya nyumba. Lipe saa nzima, tena usianze kwa kuingia.

Msimamishe mgeni langoni. Aangalie mbele. Nyumba inayomtazama moja kwa moja, mkabala na lango, ni ya mikayi, mke wa kwanza. Hapo hapajadiliwi. Nyumba za wake wanaofuata, nyachira na yule wa tatu, hukaa pembeni, huyu upande huu na yule upande ule, kwa hiyo ukitazama mpangilio wa nyumba unajua nani aliolewa lini bila kuuliza. Karibu na lango ni simba, nyumba za wavulana waliokwisha kukua. Kijana akibalehe halali tena kwa mama yake, na kule langoni yeye ndiye wa kwanza kusikia mwizi au fisi. Katikati ni zizi, na karibu na zizi ni duol, kibanda cha mwenye boma, alikopokea wazee wenzake, alikokula na wanawe na alikokata mashauri. Wasichana walilala kwa bibi, kwenye siwindhe, na huko ndiko walikofundishwa mambo yote ambayo baba hawezi kumwambia binti yake.

Kisha inua macho yake hadi kwenye paa. Juu ya kilele cha nyasi kunachomoza mti mmoja mwembamba, osuri. Maana yake mwenye nyumba yu hai. Akifa, mti huo unaondolewa, na mpita njia anajua kabla hajafika langoni. Wageni wengi husogea, husimama chini yake, na huanza kuhesabu paa zipi zina mti na zipi hazina. Waache wahesabu. Kuanzia hapo maswali huja yenyewe, nawe huhitaji tena kukumbuka maelezo yako.

Ghala, dero, ni kikapu kikubwa kilichosukwa na kuinuliwa juu ya mawe ili unyevu na panya visifike. Paa lake halijafungwa. Linainuliwa kama kifuniko, nafaka inachotwa kutoka juu, na mwenye kuchota ni mama wa nyumba hiyo. Mume aliyefungua dero ya mkewe bila ruhusa alikuwa amevunja heshima. Hili huwashangaza watu waliokuja wakidhani kwamba mwanamke wa boma hakuwa na chake.

Eleza pia jinsi boma linavyozaliwa, kwa kuwa hapo ndipo mikayi anapopata uzito wake. Mwanamume haondoki kwa baba yake siku anayotaka. Kaka mkubwa hutangulia. Asiye na mke hawezi kuanzisha boma kabisa. Zamu yake ikifika, hutoka asubuhi na baba yake, au baba mdogo ikiwa baba hayupo. Mtoto wake wa kiume wa kwanza anafuatana nao, kuna jogoo, kuna shoka, na mikayi anabeba moto. Nyumba ya kwanza husimamishwa siku hiyohiyo na usiku huo hulaliwa. Bila mikayi hakuna moto, na bila moto hakuna boma. Mwambie mgeni alishike hilo, atalihitaji mchana.

Kosa tunalolisikia sana hapa, hata kwa waongozaji wazuri, ni kusema yote haya kwa wakati uliopita: walikuwa wakijenga, walikuwa wakiamini. Vijana wengi wa Kisumu wanaokaa kwenye nyumba za kupanga Nyalenda au Milimani bado wanajua simba yao iko wapi kijijini, na utaratibu wa nani ajenge kwanza bado unavunja usingizi wa familia nyingi. Mgeni akitaka mfano, mpe kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ulikaa mochari miezi mitano mahakama zikiamua, ukoo ukashinda, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Nchi nzima ilifuata kesi hiyo magazetini. Kilichobishaniwa mahakamani ni wapi ndiko kwao marehemu, na mgeni wako amesimama juu ya mfano wa mahali hapo.

Kosa la pili ni kuwafanya wakazi wote wa Kisumu kuwa Waluo. Mji una Waluhya, Wakisii, Wahindi, Wasomali, Wanubi wa Kibos, na kila mmoja ana desturi yake. Sema "kwa Waluo" pale unapomaanisha Waluo.

Kit Mikayi

Ondokeni saa 4:30. Chukua gari la kukodi la siku nzima; matatu za Bondo zinapita barabara hiyo, lakini kusubiri ijae wakati wa kurudi kutakula saa yako ya chakula. Njia ni ya Busia hadi Kisian, hapo mnashika kushoto kuelekea Bondo. Mawe yako takriban kilomita 29 magharibi ya Kisumu, ndani ya Seme, na kuna kibao kando ya lami. Kiingilio hulipwa hapo hapo, na kiongozi wa hapo ni lazima. Hata kama unaijua hadithi kuliko yeye, mwachie aisimulie.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mzee Ngeso aliyapenda mawe haya kupita kiasi. Kila asubuhi aliingia katika pango lake akashinda humo, na mkewe akalazimika kumpelekea chakula hukohuko. Watu walipomuuliza mumewe yuko wapi, alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Mtu asiyeliona boma huisikia kama kichekesho. Aliyesimama langoni asubuhi na kuiona nyumba ya mikayi anasikia mwanamke akisema kwamba nafasi yake imechukuliwa na jiwe, na kwamba boma lake halina moto. Ukitaka kujua kama siku yako imepangwa sawasawa, mtazame mgeni uso wake wakati huo.

Kwa macho ni mwamba wa matale uliopasuka na kulika kwa hali ya hewa, udongo uliouzunguka ukaondoka, yakabaki mapande makubwa yaliyokaa juu ya mengine hadi yapata mita 40. Matatu yanaonekana zaidi kuliko mengine. Watu wa hapo huyasoma kama familia, na kiongozi atakuonyesha nani ni nani.

Mahali hapa ni pa ibada, na hilo litangulie kila kitu. Watu huja kufunga na kusali mapangoni, wakiwemo waumini wengi wa Legio Maria, kanisa lililoanzia huku Nyanza miaka ya 1960. Mnaweza kumkuta mtu amelala chini na mshumaa umewashwa pembeni. Hapigwi picha, haulizwi anaomba nini, na sauti hushushwa. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza mila na desturi za Kit Mikayi kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wanaozijua wanazidi kuzeeka na vijana wanaozirithi ni wachache. Kwa hiyo kina mama wakiimba dodo kumpokea mgeni, hiyo si sherehe ya kupita. Kaeni chini msikilize hadi mwisho, na shukrani yenu iwe ya kuonekana mkononi.

Kupanda: viatu vyenye soli ya mpira inayoshika. Kandambili na viatu vya kisigino vibaki garini. Mapito ni membamba, kuna mahali unatumia mikono, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda kwa sababu huoni unapoweka mguu. Mtu mnene, mjamzito au mwenye magoti mabovu aone mapango ya chini. Hakosi kitu kikubwa. Mvua ikianza kudondoka, mnashuka papo hapo hata kama zimebaki hatua kumi, maana tale lililolowa huteleza vibaya. Ukiondoka Kisumu saa 4:30 utakuwa umeshuka kabla ya saa 7, na mawingu ya alasiri yatakukuta garini.

Mwisho wa juma waumini ni wengi. Jumapili ina jambo jingine pia: soko la Kibuye hufurika siku hiyo. Mgeni anayetaka soko kubwa na Kit Mikayi tulivu hawezi kuvipata siku moja. Sisi tungechagua Jumanne hadi Alhamisi na kuacha soko.

Chakula

Agizeni samaki kwa simu mnapoondoka Seme. Ngege wa kukaangwa kisha kutiwa mchuzi wa nyanya na vitunguu anahitaji karibu dakika 40, na safari ya kurudi ni kama hiyohiyo. Ukifika ndipo uagize, kundi lenye njaa litakaa hadi saa 9 na siku nzima itasogea.

Uliza ni samaki wa wapi. Kuna wa ziwani, kuna wanaofugwa kwenye vizimba humohumo ziwani, na kuna waliogandishwa kutoka Uchina. Mwenye hoteli mwaminifu anakwambia. Mashavu yawe mekundu na jicho liwe limejaa. Jicho lililozama ni la samaki wa juzi. Pamoja naye agizeni ugali wa mtama au wa mchanganyiko na muhogo, osuga, yaani mnavu, iliyopikwa na maziwa, na apoth, yaani mrenda, kwa anayependa. Mgeni asiyezoea miiba aanzie upande wa mgongo, ambako miiba ni mikubwa na inaonekana. Ya tumboni ni myembamba na ndiyo inayokwama. Mikono inaoshwa, uma hauhitajiki.

Mji alasiri

Saa 9 hadi 11 ni za mji, kwa miguu. Anzia upande wa bandari na reli, kwa kuwa mji ulianzia hapo. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Wakati huo eneo hili lilikuwa bado chini ya Uganda. Lilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Mgeni wa Kiganda hupenda sana kulisikia hilo, na Kisumu ikapata hadhi ya jiji mwaka 2001, karne moja baada ya reli.

Pandeni Mtaa wa Oginga Odinga hadi kwenye mnara wa saa. Ulijengwa kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara Kassim Lakha na kuzinduliwa mwaka 1938. Kuanzia hapo muonyeshe mgeni maduka ya zamani ya Wahindi yenye vibaraza mbele, kisha Msikiti wa Jamia na mahekalu, vyote kwa umbali wa kutembea. Misikitini na mahekaluni ulizia kwanza, viatu nje, na kitambaa cha kichwa kiwe kwenye mfuko wa mwongozaji, si cha kutafutwa mlangoni.

Mgeni anayesoma historia atakuuliza kuhusu 1969. Usimkwepe. Oktoba 25 mwaka huo Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ambayo watu bado wanaiita Russia. Yeye na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, wakarushiana maneno hadharani, vurugu zikazuka, na polisi wakawapiga watu risasi, wakiwemo watoto. Kwa wazee wa Kisumu siku hiyo haijawa historia. Sema ulichokijua kwa utulivu, usitaje idadi kwa sababu zinabishaniwa, na usiifanye kuwa mkutano wa siasa kando ya barabara.

Hifadhi ya Impala tunaiacha. Ni nzuri kwa familia yenye watoto, lakini wanyama ni safari nyingine.

Nyatiti

Saa 11:30 mrudi upande wa ziwa, mmevaa nguo za mikono mirefu na mmepaka dawa ya mbu. Malaria ya hapa si mchezo. Mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, apangwe siku mbili kabla, na mkubaliane anakuja na nani, kwa muda gani na kwa kiasi gani. Mmoja anatosha. Kundi la ngoma za ohangla ni zuri kwa harusi, lakini litaimeza sauti ya nyuzi.

Mketishe mgeni upande wa mguu wa mpigaji, karibu iwezekanavyo, badala ya kumweka mbele kwenye viti vya heshima. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, chombo kimelazwa ubavu mbele yake. Nyuzi ni 8. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe, leo ni nailoni ileile ya wavuvi mliowaona asubuhi. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma, oduong'o, na anagonga nayo ukingo wa mbao. Mguuni amefunga gara, njuga za chuma. Mtu mmoja, kwa hiyo, ana nyuzi, ngoma, njuga na sauti ya kuimba, na kila kimoja kina mwendo wake. Ukikaa mbali unasikia wimbo. Ukikaa karibu unaona mguu ukishika mdundo na vidole vikiucheza nje yake, na hapo ndipo ugumu wa kazi ile unapoonekana.

Mweleze mgeni pakruok kabla haijaanza. Mtu yeyote kati ya wasikilizaji anaweza kuinua mkono na kutoa pesa. Muziki unasimama, naye anajisifu au anamsifu rafiki, mkwe au kijiji chake kwa maneno ya madaha, kisha nyuzi zinaendelea. Mgeni asiyejua hudhani ni ugomvi. Anayejua hujiandaa. Mbadilishie pesa ziwe noti za 50 na 100, mfundishe sentensi moja ya kumsifu mama yake, na umwache asimame. Watu watamshangilia kuliko mwenyeji.

Jua huzama karibu saa 12:40, nanyi mtakuwa mmekaa mahali pazuri bila kulifuata. Mlipe mpigaji mwenyewe mkononi au kwa M-Pesa yake, si kupitia kwa mtu wa tatu.

Akibaki siku ya pili

Ataomba Thimlich Ohinga, na anafanya vizuri kuomba. Usiichomeke kwenye siku hii. Iko kaunti ya Migori, kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, na sehemu ya mwisho ya njia huchelewesha, hasa wakati wa mvua. Ni kuta za mawe makavu zilizopangwa bila udongo wala saruji, urefu wa mita 1.5 hadi 4.5, zenye umri wa takriban miaka 500, na UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Tokeni Kisumu saa 11 alfajiri, bebeni maji na chakula, gari liwe la juu kidogo. Mkifika, mtafuteni lango kwanza, kabla ya kutembea juu na chini kupiga picha za kuta. Ni la chini, mtu huinama ili apite, na kando yake ndani kuna vibanda vya mawe vya walinzi. Mgeni wako atajiuliza mwenyewe nyumba ya mikayi ilikaa wapi humo ndani, nawe utakuwa na siku nzima ya kumjibu.